Rubani Ni Neno la Bahari

Ukitaka kuziona ndege vizuri huku Mathare, panda paani. Sisemi paa la mabati kule bondeni, hilo halimbebi mtu mzima. Nasema paa la zege la ghorofa zetu, penye kamba za nguo na matangi meusi ya maji. Ukisimama hapo ukatazama kusini, ng'ambo ya barabara ya Juja, kuna kambi ya jeshi la wanahewa. Jina lake rasmi ni la Rais Moi, ila wazee bado wanaiita Eastleigh tu. Kabla ya uwanja wa Embakasi kufunguliwa mwaka 1958, ndege za abiria za Nairobi zilitua hapo, hatua chache kutoka kwenye bonde letu. Mtoto wa Mathare hulala na kuamka na sauti ya injini. Anajua kutofautisha helikopta na ndege ya mizigo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kupanda ndege yenyewe ni jambo jingine. Katika ghorofa yetu yenye milango arobaini, waliowahi kupanda nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao alisafirishwa akiwa mgonjwa, hakumbuki lolote.

Ndiyo maana nilishangazwa na kelele tulizopiga Februari 2022. Dhoruba ilikuwa inaipiga Uingereza, na video fupi ikaingia kwenye simu ya mtu pale kinyozi: ndege ya Kenya Airways, Dreamliner, inajaribu kutua Heathrow. Mbawa zilikuwa zinapanda na kushuka kama mizani ya muuza nyama. Kinyozi alizima mashine. Mteja kitini alibaki amenyolewa upande mmoja, naye akageuza shingo aone. Magurudumu yalipogusa chini tukapiga mayowe kama vile Gor wamefunga dakika ya mwisho. "Ameiweka kama yai!" alisema kijana mmoja. Tulipoambiwa kwamba aliyeiweka ni mwanamke, Kapteni Ruth Karauri, mayowe yakaanza upya, na mama anayeuza chapati mlangoni akaingia na mwiko mkononi aonyeshwe tena.

Kinyozi peke yake ndiye aliyeuliza: "Na yule wa kando yake ni nani?"

Hakuna aliyejibu. Mashine ikawaka tena.

Nimekaa na swali lile muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nimekaa pia na lingine, la kwangu mwenyewe: tulikuwa tunashangilia nini hasa? Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumia. Watu walitoka Nairobi wakafika London, kama tiketi zao zilivyosema. Tulishangilia watu kufika. Na tuliweza kushangilia kwa sababu upepo ulionekana. Kama rubani huyohuyo angefanya kazi ngumu maradufu usiku, kwenye mawingu, bila kamera, abiria wangeshuka wakilalamikia chai.

Neno lenyewe, rubani, halikuzaliwa angani. Kwa watu wa mwambao lilikuwa neno la bahari kabla ndege haijabuniwa. Rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo kinapoingia bandarini, ajuaye mwamba umejificha wapi na mkondo unavutia upande gani. Nahodha aliweza kuvuka bahari nzima kwa nyota, lakini akifika mlangoni mwa bandari asiyoijua alimhitaji huyu. Kazi yake ilikuwa kuijua miamba ambayo chombo hakitaigonga. Akiifanya vizuri, abiria hawajui kwamba kulikuwa na mwamba.

Ndege ninayoifikiria zaidi nikiwa paani ni ile iliyokuwa inakuja kwetu na haikufika. Jumamosi ya tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa baada ya saa tano asubuhi. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Nairobi. Ilikuwa na watu 175, na usukani ulikuwa kwa Kapteni Leul Abate. Dakika kama ishirini baada ya kupaa, vijana watatu wakavamia chumba cha marubani. Walichukua shoka la dharura na mtungi wa kuzimia moto, wakasema wako kumi na mmoja na wana bomu. Baadaye ilibainika kwamba bomu lenyewe lilikuwa chupa ya pombe iliyofunikwa. Msaidizi wa rubani, Yonas Mekuria, alipigwa akatolewa nje. Leul akabaki peke yake, na amri aliyopewa ilikuwa moja: twende Australia.

Akawaambia mafuta yaliyomo ni ya safari ya Nairobi, hayafiki hata robo ya njia. Hawakumwamini. Walikuwa wamesoma kwenye jarida la ndege, lile linalowekwa kwenye mfuko wa kiti, kwamba ndege ya aina hii inaweza kukaa angani saa kumi na moja. Nimewahi kucheka niliposoma hapo, kicheko kibaya. Ni nani huku kwetu hajawahi kubishana na mtu mwenye nguvu aliyesoma karatasi moja?

Sasa tazama alichofanya. Leul hakupigana nao, wala hakuwatii. Alielekea kusini huku akiushika ufuo wa Afrika, ili nchi kavu isiwe mbali. Walipogundua kwamba ardhi bado inaonekana wakamlazimisha ageuke mashariki, kwenye maji matupu. Akageuka, kisha kimyakimya akaielekeza pua ya ndege kwenye visiwa vya Komoro. Haikuwa mara yake ya kwanza kutekwa. Alikwisha kupitia utekaji mara mbili kabla ya siku hiyo, na nadhani alikuwa amejifunza jambo ambalo kila makanga wa usiku analijua: mlevi mwenye silaha humshindi kwa hoja, unambembeleza huku mkono wako ukifanya kazi nyingine. Mmoja wa watekaji alikuwa ameketi kwenye kiti cha Yonas, anakunywa na kuchezea vyombo. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, tunasema. Siku ile nahodha alikuwa mmoja na wengine walikuwa mzigo, na chombo kilienda mrama vilevile.

Mafuta yakaisha. Injini moja ikazimika, kisha ya pili. Leul alichukua kipaza sauti akawaeleza abiria hali ilivyo na kuwataka wawakabili watekaji. Alikusudia kutua kwenye uwanja wa Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, lakini vurugu ndani ya chumba zikampotezea alama zake. Uwanja ukapita. Yonas, aliyekwisha kupigwa, akasukumana hadi akarudi mbele kumsaidia. Saa tisa na robo alasiri, ndege isiyokuwa na injini hata moja ikashuka baharini kama mita mia tano kutoka ufuoni, mbele ya hoteli ya Galawa. Bawa la kushoto lilitangulia kugusa maji. Ndege ikapinduka na kukatika vipande, na mtalii mmoja ufuoni akainasa kwenye kamera yake. Hiyo ndiyo picha dunia inayoijua.

Walikufa watu 125, wakiwemo watekaji wote watatu. Walipona hamsini, Leul na Yonas miongoni mwao. Wapo waliookoka kishindo wakafia ndani ya maji: walijaza maboya yao upepo kabla ya kutoka, maji yalipoingia yakawainua hadi darini, wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Wenyeji na wageni wa hoteli, baadhi yao wazamiaji na madaktari waliokuja kupumzika, waliingia majini kuvuta watu. Neno rubani lilikuwa limerudi lilikotoka, kwenye mwamba na mkondo, katika maji yaleyale ambayo majahazi ya Waswahili yameyapita kwa karne nyingi.

Miongoni mwa waliokufa alikuwamo jirani yetu. Namwita jirani kwa sababu Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, ng'ambo ya barabara hii ninayoitazama, kabla familia yake haijahamia Dar es Salaam. Huyu ndiye aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilizoiamsha dunia. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Walionusurika walisimulia kwamba hadi mwisho alikuwa amesimama, akisemezana na watekaji. Mtu aliyeishi kwa kuwaonyesha wengine kilichotokea alikufa ndani ya tukio ambalo picha yake ilipigwa na mtalii.

Leul na Yonas walipewa tuzo ya Polaris, heshima kubwa ambayo marubani wa dunia hupeana wenyewe. Hata hivyo, waulize watu kumi barabarani, Nairobi au kokote, wakutajie rubani aliyetua majini. Watakutajia Chesley Sullenberger, na hawatakosea. Januari 15, 2009, ndege walioruka kwa mbawa zao wenyewe waliziua injini zake mbili, akaishusha kwenye mto Hudson, New York, na watu wote 155 wakatoka hai. Filamu ya maisha yake ikatengenezwa, Tom Hanks akamwigiza. Simpunguzii hata chembe. Lakini tuwe wakweli kuhusu tunachokipima. Sullenberger hakuwa na shoka kichwani. Hakuwa na mlevi kwenye kiti cha pili. Alikuwa na Jeffrey Skiles, rubani kamili, mtulivu. Mto ulikuwa bapa na boti za abiria zilikuwa jirani. Kinachowatenganisha hawa wawili katika kumbukumbu ya watu ni hesabu: 155 kwa 155, na 50 kwa 175. Sifa hupenda hesabu isiyobaki. Ukiwa na maiti 125 nyuma yako, hata anayetaka kukupongeza hajui aanzie wapi, maana mbele yake ameketi mjane.

Nami sina haki ya kumlaumu anayesita, kwa sababu nimewahi kuwa upande huo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa ndani ya matatu iliyopoteza breki kwenye mteremko wa huku kwetu. Nilikaa safu ya tatu. Dereva hakupiga kelele. Aliikwaruza gari kwenye ukuta upande wa kushoto ipungue kasi, kisha akaielekeza kwenye rundo la mchanga wa mjengo. Mchanga ulitusimamisha, ila si kabla hatujapita juu ya kibanda cha mama mboga, ambaye kwa bahati alikuwa ameenda kutafuta chenji. Tulitoka na michubuko. Nyanya zilikuwa zimetapakaa hadi katikati ya barabara, na watu wakaanza kukusanyika jinsi wanavyokusanyika hapa, haraka, na kila mmoja ameshajua mwenye makosa. Dereva akatolewa kwa dirisha. Nakiri kwamba mkono mmoja uliomshika shati ulikuwa wangu. Nilikuwa natetemeka, na hasira ilikuwa karibu kuliko shukrani.

Makanga, kijana mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, ndiye aliyetuokoa na aibu kubwa zaidi. "Mnamchapa juu ya nyanya?" alisema. Kisha akanyoosha kidole chini ya mteremko. Tukageuka. Shule ilikuwa imefungua lango, na watoto wenye sweta za kijani walikuwa wamejaa barabara nzima, wanapigana na mifuko, wananunua barafu, hawajui lolote. Gari ingefika pale kwa kuhesabu hadi kumi.

Mikono ikamwachia mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyempigia makofi, wala hakuna aliyeomba msamaha, nami sikuomba. Dereva alichuchumaa akaanza kumwokotea yule mama nyanya zake, zile ambazo hazikupasuka, akizipangusa kwa upande wa shati lililokuwa halijachanika.

Kile alichofanya hakikuwa na picha. Kilichoonekana kilikuwa ukuta uliokwaruzwa, kibanda kilichovunjika, mama anayelia. Kilichookolewa kilikuwa chini kule kikinunua barafu. Kazi ya rubani, wa baharini, wa angani au wa matatu, ni kuchagua uharibifu utakaoonekana badala ya ule ambao hautaonekana kamwe. Leul alichagua bahari. Sisi tulioachwa kutazama tunahukumu kwa macho, na macho hayana namna ya kuuona msiba ambao haukutokea.

Mfano mkubwa wa haya upo hapahapa ng'ambo ya barabara. Usiku wa kuamkia Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la wanahewa waliiasi serikali, na kambi ya Eastleigh ilikuwa miongoni mwa walizoziteka. Wazee wa ghorofa yetu wanakumbuka milio ya risasi, kisha siku za misako, vijana wakivuliwa viatu kuangaliwa kama wana alama za buti za jeshi. Asubuhi hiyo kule Nanyuki, marubani watatu, Meja David Mutua na makapteni John Mugwanja na John Baraza, waliamrishwa kwa mtutu wa bunduki wapae wakaipige Ikulu na makao ya kikosi cha polisi cha GSU kwa mabomu. Wakapaa. Mabomu waliyadondosha kwenye msitu wa Mlima Kenya, wakarudi kutua Nanyuki. Makao ya GSU yako Ruaraka, jirani yetu wa karibu. Sijui bomu la ndege linakosea shabaha kwa umbali gani, ila najua mabati ya Mathare yanasimama kwa misumari mingapi. Barabara tulizonazo zina majina ya magavana, majenerali na wafadhili. Ya hao watatu sijawahi kuiona. Mtu atawekaje bango mahali ambapo bomu halikuanguka? Ingebidi tuweke mji mzima.

Mwaka uleule wa video ya Heathrow haukuisha bila kutukumbusha. Jumamosi, tarehe 5 Novemba, marubani wa Kenya Airways waligoma wakidai, pamoja na mengine, michango ya akiba yao ya uzeeni. Maelfu ya abiria wakakwama. Pale kinyozi, midomo ileile iliyosema "ameiweka kama yai" ikasema hawa ni watu wa tumbo, wafutwe wote, wako wengi wanaotafuta kazi. Niliwatazama nikanyamaza, maana sina jibu rahisi. Mimi mwenyewe sijui mtu mwenye akiba ya uzeeni huku kwetu. Ila ilinigonga jinsi shujaa anavyoruhusiwa kila kitu isipokuwa kudai malipo.

Kesho yake, Jumapili asubuhi, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilishindwa kuufikia uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa, ikaangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na ufuo. Walikuwamo watu 43. Mkia ulibaki juu, pua ikazama. Wavuvi walifika kabla ya mtu yeyote mwenye sare. Walitoka hai 24, wengi kwa mlango wa nyuma. Walikufa 19, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao.

Tanzania ikampata shujaa wake: kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyesifiwa kwa kuufungua mlango huo. Alipewa shilingi milioni moja, na Rais Samia akaagiza aajiriwe kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji. Waziri Mkuu wa wakati ule alikuwa Majaliwa pia, jambo lililowafanya watu watabasamu katikati ya msiba. Baadaye iliposemwa kwamba mlango ule ulifunguliwa na mhudumu wa ndege kutoka ndani, baadhi ya waliombeba juu wakaanza kumshusha. Mimi sijali sana nani alifungua mlango. Ninachokirudia ni sehemu nyingine ya simulizi lake mwenyewe. Alisema kwamba baada ya mlango alizamia hadi kwenye dirisha la mbele, na rubani, aliyekuwa bado hai, akamwashiria kwa mkono avunje kioo. Aliibuka kutafuta kifaa, akaambiwa asubiri, ikaletwa kamba ya kuvutia mlango wa dharura, kamba ikakatika ikampiga usoni. Alipozinduka alikuwa hospitalini.

Basi kioo kilibaki kati yao. Upande mmoja mtu aliyefunzwa miaka mingi kuongoza chombo, upande wa pili mtu anayelijua ziwa tangu utotoni, mikono yao ikisemezana kwa ishara majini. Hapo palikuwa na marubani wote wa lugha yetu, wa angani na wa majini. Wakati ule nchi haikuwa bado imeamua nani atakuwa shujaa.

Jumanne nilikwenda kunyoa. Mgomo ulikuwa bado mdomoni mwa kila mtu. Redio ilikuwa juu ya rafu, kati ya spiriti na poda, na mtangazaji akasoma majina: Kapteni Buruhani Rubaga, na msaidizi wake, Peter Odhiambo.

"Odhiambo?" aliuliza kinyozi. "Si huyo ni wetu?"

"Mkenya, ndiyo," nikamwambia.

"Alikuwa anaketi upande gani?"

Nikamwambia msaidizi huketi kulia.

"Yule wa kando," alisema. Alizima mashine, ingawa nilikuwa nimefikiwa nusu tu. Akalirudia lile jina mara mbili, polepole, kama mtu anayekariri namba ya simu kwa kukosa kalamu. Kisha akapuliza nywele kwenye meno ya mashine na kuniambia niinamishe kichwa.